Unahodha wa manowari si njia pekee ya ofisa wa wanamaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu mzazi aliyeandika hivi karibuni kuhusu mwanawe, luteni mwenye miaka mitano katika jeshi la wanamaji. Kijana huyo ametakiwa na wakubwa wake aamue kabla ya mwaka kwisha kama ataendelea na fani ya sitaha, yaani ya kuongoza meli, inayoelekea kwenye unahodha, atahamia fani ya mitambo, au ataacha mkataba uishe aende kutafuta kazi katika meli za biashara. Mzazi aliuliza, kwa unyenyekevu wa mtu anayekiri kwamba bahari haijui, ni njia ipi yenye heshima zaidi. Barua tatu zilizofuata zilimjibu kwa sauti moja kwamba kijana aishike sitaha asiiachie, kwa kuwa ofisa asiyeongoza meli ni abiria aliyevaa sare. Nimezisoma barua hizo zaidi ya mara moja. Nilitumikia jeshi la wanamaji miaka 22, miaka 15 ya mwanzo nikiwa ofisa wa sitaha, na kwa maoni yangu swali liliulizwa vibaya na likajibiwa vibaya zaidi.

Sina nia ya kuibeza sitaha iliyonilea. Uongozi wa manowari una uzito ambao hata sheria inautambua. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, katika ibara ya 29, unapoeleza manowari ni nini hautaji mizinga wala makombora. Unataja meli ya jeshi la nchi fulani, yenye alama za nje zinazoonyesha utaifa wake, iliyo chini ya ofisa aliyepewa kamisheni na serikali na ambaye jina lake limo katika orodha ya maofisa, na yenye mabaharia wanaofuata nidhamu ya kijeshi. Maana yake ni kwamba ukimwondoa ofisa huyo, mbele ya sheria hiyo manowari haipo tena, hata kama mizinga yake yote imebaki mahali pake. Kijana anayeitamani nafasi hiyo hatamani jambo dogo, na nisingependa mtu yeyote amcheke.

Lakini kabla ya unahodha kuna zamu, na washauri wengi huiruka sehemu hii kama mtu anayeruka dimbwi. Zamu ni saa nne za kusimama katika chumba cha usukani, mara nyingi usiku, nahodha akiwa amelala baada ya kukukabidhi meli na watu wote waliomo. Kazi yake kubwa ni kutazama, kupima, na kukitilia shaka kile ulichokipima. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 zinasema kwamba kama uelekeo wa meli inayokusogelea, ukiupima kwa dira, haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana, basi ihesabu kwamba hatari ya kugongana ipo. Ni sentensi fupi ambayo mtoto wa shule anaweza kuikariri. Kuitii saa kumi alfajiri, ukiwa umelala saa tatu tu, na mbele yako taa kumi na mbili, kila moja na safari yake, ndiyo kazi yenyewe.

Mwaka 2017 dunia ilionyeshwa gharama ya kuifanya zamu kuwa ngazi ya kupandia tu. Tarehe 17 Juni manowari ya Marekani USS Fitzgerald iligongana na meli ya makontena karibu na Japani, mabaharia 7 wakafa. Tarehe 21 Agosti manowari nyingine ya jeshi hilohilo, USS John S. McCain, ikagongana na meli ya mafuta karibu na mlango bahari wa Singapore, wakafa 10. Uchunguzi wa jeshi lenyewe ulikiri kwamba ajali zote mbili zingeweza kuepukwa. Katika ile ya kwanza ofisa wa zamu hakumwamsha nahodha ingawa amri za kudumu za meli zilimtaka afanye hivyo. Katika ya pili, waliokuwa kwenye usukani walichanganyikiwa pale udhibiti wa usukani na wa kasi ya injini ulipotenganishwa na kuhamishwa kutoka meza moja ya vidhibiti hadi nyingine, na kwa dakika zilizokuwa na thamani kuliko dhahabu hakuna aliyejua kwa hakika nani anashika nini. Uchovu na upungufu wa mafunzo vilitajwa katika zote mbili. Ikumbukwe kwamba mwaka 2003 jeshi hilo lilikuwa limefuta kozi ya darasani ya maofisa wapya wa sitaha na kuwapa diski za kompyuta wajisomee melini, katikati ya kazi nyingine zote, na darasa likaja kurudishwa miaka kadhaa baadaye.

Nayataja haya kwa sababu luteni anayechagua sitaha ili siku moja aitwe nahodha, huku zamu inamchosha roho, anachagua miaka 15 ya kazi asiyoipenda kwa ajili ya miaka miwili ya kazi anayoiota. Kipindi cha kuiongoza manowari moja mara nyingi hakizidi miaka miwili. Baada ya hapo unakabidhi, unapigiwa filimbi ya kuagwa, na wengi hurudi kwenye meza ya ofisini wasitoke tena.

Halafu kuna hesabu ambayo chuoni haifundishwi. Meli ni chache na maluteni ni wengi. Kila ngazi unayopanda, nafasi zinapungua, na idadi ya nafasi za unahodha haiongezwi na bidii ya mtu. Inaongezwa na bajeti ya kununua meli. Kundi la maofisa walioanza pamoja, wote hodari, wote wenye ripoti nzuri, litachujwa hata kama hakuna mmoja aliyekosea. Nchini Marekani, ambako mambo haya huandikwa wazi, sheria ya mwaka 1980 ya usimamizi wa maofisa ilijengwa juu ya msingi kwamba aliyerukwa mara mbili katika kupandishwa cheo kwa kawaida huondoka, na ilichukua hadi mwaka 2018 kabla ya Bunge la huko kuruhusu ofisa aombe asizingatiwe kwa muda ili amalize masomo au jukumu maalumu bila kuadhibiwa. Majeshi mengine hayana sheria kali namna hiyo, lakini yana njia zao za kimyakimya.

Ya kimyakimya naijua. Katika jeshi nililotumikia, baraza la uteuzi lilikaa mara mbili faili langu likiwa mezani, na mara zote mbili orodha ilipobandikwa jina langu halikuwamo. Hakuna aliyeniita kunieleza sababu. Nilipouliza niliambiwa nisubiri baraza lijalo, nikasubiri miaka miwili katika ofisi ya nchi kavu nikisaini fomu za likizo za watu wengine, nikiwa nimejifunza kuegesha meli ya mita 60 gatini katika upepo wa ubavuni na sina meli ya kuiegesha. Uchungu wa kutochaguliwa ulipita. Ile miaka miwili hadi leo naihesabu kuwa imepotea, kwa sababu mtu mmoja tu angeniambia ukweli siku ya kwanza ningeitumia kusoma.

Ndiyo maana, pamoja na ukali wake, nawaheshimu manahodha wa nyambizi wa Uingereza kwa kozi yao wanayoiita Perisher, iliyoanza mwaka 1917. Ofisa anayetaka kuiongoza nyambizi hupelekwa baharini na mwalimu anayemwangalia akiendesha mashambulizi ya mazoezi, meli za kivita zikimjia juu kwa kasi, na siku mwalimu atakapoona kwamba hawezi tena kubeba picha yote kichwani mwake, safari yake inaishia hapo hapo. Aliyeshindwa hushushwa, na hatumikii tena katika nyambizi maisha yake yote. Ni kozi ya kikatili. Lakini anayeshuka anajua ameshuka, na kesho yake anaweza kuanza jambo jingine.

Sasa nije kwenye mitambo, ambayo waandishi wale watatu waliipa nusu sentensi. Dharau hii si mpya wala haikuzaliwa kwetu sisi. Katika Jeshi la Wanamaji la Uingereza, tangu karne ya 19, maofisa wahandisi walivaa kitambaa cha zambarau katikati ya mistari ya dhahabu ya mikono yao, ili yeyote atakayewaona ajue hao ni watu wa injini. Mwaka 1902 ulianzishwa mpango wa kuwasajili na kuwafundisha pamoja vijana wa sitaha na wa mitambo, kwa hoja kwamba meli ya mvuke haiwezi kuongozwa na mtu anayeuogopa mvuke. Katika miaka ya 1920 mpango ukavunjwa, zambarau ikarudi, na wahandisi wengi wakauchukulia uamuzi huo kuwa usaliti. Iliwabidi wangoje hadi mwaka 1956 ndipo maofisa wa fani hizo walipowekwa katika orodha moja na rangi ile ikaondolewa mikononi mwao. Hata hivyo, uongozi wa meli ulibaki kuwa wa watu wa sitaha. Mambo ni hivyo hadi leo katika majeshi mengi, na mzazi asidanganywe: mwanawe akihamia mitambo, kuna uwezekano mkubwa kwamba ameuaga unahodha kabisa.

Je, ndiyo amekuwa abiria? Nawakumbusha wenzangu habari ya Hyman Rickover, ofisa wa wanamaji wa Marekani. Huyu aliiongoza meli moja tu maishani mwake, meli kuukuu ya kuondoa mabomu ya majini, kwa muda mfupi mwaka 1937, kisha akahamia orodha ya maofisa wahandisi, ambao katika jeshi la Marekani hawapewi uongozi wa meli. Kutoka huko ndiko alikosimamia kazi iliyozaa USS Nautilus, nyambizi ya kwanza duniani kuendeshwa kwa nguvu ya nyuklia, iliyokabidhiwa jeshini mwaka 1954. Alirukwa mara mbili katika kupandishwa kuwa admirali, na ilibidi Bunge liingilie kati mwaka 1953. Alikuwa mtu mgumu, na waliohojiwa naye kwa ajili ya kazi ya nyambizi wamesimulia mengi ambayo mimi nisingevumilia. Lakini abiria hakuwa. Manahodha wote wa Marekani waliowahi kuzipeleka nyambizi za nyuklia chini ya bahari walikwenda kwa kazi ya mtu wa zambarau, kama angekuwa Mwingereza.

Upande wa pili wa mitambo nao usemwe. Joto la chumba cha injini halizoeleki, linavumiliwa. Kelele zake huharibu masikio polepole, kiasi kwamba mwenye nayo ndiye wa mwisho kujua. Mhandisi hasifiwi meli ikienda, ila hutafutwa ikisimama, na hutafutwa saa yoyote. Namfahamu mmoja aliyekesha siku mbili akirekebisha mtambo wa kuzalisha maji matamu, na siku ya tatu katika hotuba ya nahodha waliopongezwa ni wapishi. Kijana asiyeweza kuishi bila kuonekana asiende huko. Lakini anayefurahi kufungua kitu kilichoharibika na kukiacha kinanguruma, huyo amefika kwake, na akitoka jeshini atakuta milango mingi zaidi kuliko sisi wa sitaha: pampu ni pampu na jenereta ni jenereta, iwe melini, kwenye mtambo wa umeme au kiwandani.

Kuna hoja moja ya waandishi wale ambayo ina nguvu, nami siipuuzi. Mmoja wao alisema kwamba ofisa mzuri ni yule anayejua kidogo cha kila kitu, kwa hiyo kijana azungushwe kila idara na kufungwa kwenye fani mapema kutamharibu. Majeshi yamegawanyika hapa. Waingereza humtenganisha ofisa wa sitaha na wa mitambo tangu mwanzo, ilhali Wamarekani humfanya ofisa wa meli za juu ya maji kuwa mtu wa yote, leo msimamizi wa injini, kesho wa silaha, keshokutwa wa zamu. Mwaka 2021 ofisi ya ukaguzi inayolihudumia Bunge la Marekani ililichunguza suala hilo na ikakuta kwamba baada ya miaka 10 maofisa hao waliobaki katika fani yao ni asilimia 33, wakati katika fani nyingine zinazofanana ndani ya jeshi hilohilo hubaki asilimia 45. Kwa wanawake hali ilikuwa nzito zaidi: walibaki asilimia 12, na wanaume 39. Siwezi kusema kwamba chanzo pekee ni huko kuzungushwa, maana ripoti yenyewe inagusa mengi, kuanzia saa za kazi hadi malezi ya watoto. Ila Waswahili walisema mshika mbili moja humponyoka, na hapa anayeshikishwa ni idara nne. Na kama aliyeandika kwako angekuwa mzazi wa binti, takwimu hizo zingekuwa kitu cha kwanza kumwekea mezani, ili aulize jeshi la bintiye lina mpango gani kwa ofisa anayetaka kuzaa na kurudi baharini.

Njia ya tatu, ya kuondoka, ndiyo iliyojibiwa kwa wepesi kuliko zote. Mwandishi mmoja alisema kijana asiwe na wasiwasi, kwani ofisa wa manowari anaweza kuhamia meli ya biashara wakati wowote na kushika zamu siku inayofuata. Hilo si kweli, na limewaumiza watu ninaowajua.

Vyeti vya mabaharia wa meli za biashara duniani vinatawaliwa na Mkataba wa Kimataifa wa Viwango vya Mafunzo, Utoaji Vyeti na Ushikaji Zamu wa mwaka 1978, ulio chini ya Shirika la Kimataifa la Bahari na ambao ulifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1995 na tena mjini Manila mwaka 2010. Mkataba huo, katika ibara yake ya tatu, unawaacha nje watu wanaotumika katika manowari. Kwa hiyo kozi zetu, hata zikiwa ngumu namna gani, hazikuundwa kumpa mtu cheti hicho. Anayetaka kuwa ofisa wa zamu katika meli ya biashara ya tani 500 za ujazo au zaidi anatakiwa awe na angalau miezi 12 ya utumishi baharini ndani ya programu iliyoidhinishwa, yenye daftari la mafunzo lililojazwa na kutiwa saini, na kama hana programu hiyo basi miezi 36 ya utumishi baharini unaokubalika, pamoja na mtihani. Upande wa injini nao una masharti yake ya miezi, ya karakana na ya melini. Kutoka hapo hadi unahodha wa meli kubwa ni miaka mingine ya zamu, na hakuna mamlaka itakayokupunguzia kwa sababu uliwahi kupigiwa saluti.

Nchi nyingi zina utaratibu wa kuutambua utumishi wa wanamaji na kuuhesabu, wote au sehemu yake, katika miezi hiyo. Hapo ndipo wengi wetu hujikwaa, kwa kuwa mamlaka ya bahari haitambui kumbukumbu za mdomo. Inataka kuona meli gani, ya ukubwa gani, tarehe gani hadi gani, saa ngapi za zamu, na saini ya nahodha aliyeshuhudia. Nilipoondoka jeshini nilikuwa na miaka ya kutosha baharini, lakini katika karatasi nilikuwa na miezi 19. Nahodha wangu mmoja alikuwa amefariki, mwingine alikuwa ughaibuni, na daftari la meli ya tatu lilikuwa limehifadhiwa ghalani na panya. Wamarekani, baada ya zile ajali za 2017, walianza kumtaka kila ofisa wa sitaha atunze daftari la zamu zake na la mazoezi ya kwenye kiigizi, mashine ya nchi kavu inayoigiza uendeshaji wa meli. Walifanya hivyo kwa ajili ya usalama, lakini laiti mtu angenilazimisha hivyo nikiwa luteni usu.

Tena kijana ajue kwamba anaacha zaidi ya sare. Katika meli ya biashara wafanyakazi ni wachache mno ukilinganisha na manowari. Meli yenye urefu wa viwanja vitatu vya mpira inaweza kuendeshwa na watu 20 na ushee. Hakuna kundi la mabaharia wa kukupakilia mizigo na kukufungia kamba huku umesimama mikono nyuma. Kwa upande mwingine, huko saa za kupumzika zinalindwa na mkataba: zisipungue 10 katika kila saa 24, wala 77 katika siku 7. Mara ya kwanza nilipousoma ukurasa huo nilicheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka.

Mzazi alitaja njia tatu, lakini zipo nyingine. Sheria, ugavi, mawasiliano na utabibu zote huajiri maofisa na zote zina wenzao wa kiraia. Ninayotaka kuizungumzia ni ile iliyoniokoa, nayo ni upimaji wa bahari. Baada ya ile miaka miwili ya fomu za likizo niliomba, kwa hasira zaidi kuliko kwa busara, nipelekwe kwenye kikosi kinachotengeneza ramani za bahari. Kazi yetu ilikuwa kwenda na kurudi juu ya maji yaleyale kwa mistari iliyonyooka, chombo kikituma sauti chini na kusikiliza mwangwi wake, mpaka sakafu ya bahari ijitokeze kama uso wa mtu anayetoka gizani. Sijawahi kufanya kazi ya kuchosha kuliko hiyo wala iliyonipa usingizi mtamu kuliko huo. Na ilikuja na cheti kinachosomeka popote, kwa sababu Shirika la Kimataifa la Upimaji wa Bahari, ambalo lilianza mwaka 1921 na makao yake yapo Monaco, hushiriki kuweka viwango vya mafunzo ya wapimaji katika madaraja mawili, A na B. Mkataba wa usalama wa maisha baharini unazitaka serikali zihakikishe huduma za upimaji na ramani, kwa hiyo kazi haiishi: bandari zinachimbwa, nyaya zinalazwa, minara ya upepo inasimikwa majini, na kila mmoja anataka kujua kina kabla hajateremsha kitu. Ndiyo kazi ninayoifanya mpaka leo, bila cheo, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini sikuwa nahodha.

Kuhusu familia sitasema mengi, kwa kuwa kila nyumba ina mizani yake. Nitasema tu kwamba mke wa ofisa wa sitaha hulea peke yake katika miaka ileile ambayo watoto ni wadogo, kwa sababu miaka hiyo ndiyo ya utumishi wa baharini unaohesabiwa katika kupanda cheo, na mume hurudi nchi kavu watoto wakiwa wameshazoea asiwepo. Luteni mwenye mchumba amwonyeshe ratiba hiyo kabla ya ndoa. Pia aisome kwa makini ile karatasi ya kutumikia miaka fulani baada ya kila kozi ndefu, maana kozi ya mitambo au ya urubani inaweza kumfunga miaka mingi, na wengi huisaini siku ya kwanza bila kuigeuza upande wa pili.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, usimuulize mwanao ni njia ipi yenye heshima. Mwombe akae siku moja na ofisa wa sitaha mwenye miaka 10 kazini na siku nyingine na wa mitambo mwenye miaka hiyohiyo, siku za kawaida ambazo hakuna mgeni rasmi wala gwaride, kisha akueleze walifanya nini kuanzia asubuhi hadi kulala. Atakapokuwa anasimulia mtazame usoni. Na wakubwa wake, kama wanasoma gazeti hili, ningewaomba jambo moja: wamwambie leo ni wangapi katika kundi lake wanaotarajiwa kupata meli, kwa idadi, hata kama idadi hiyo itamvunja moyo.

Ila lipo la kufanya wiki hii, kabla hajaamua lolote, maana litamfaa katika njia zote. Ulisema nahodha wake wa sasa anahamishwa mwezi ujao. Kijana akusanye tarehe za safari zake zote chini ya nahodha huyo, saa za zamu za mchana na za usiku, ukubwa wa meli na nguvu ya injini zake, aziandike vizuri, azipeleke kwa nahodha zitiwe saini na mhuri, na atoe nakala mbili. Moja abaki nayo, nyingine akuachie wewe nyumbani.

Wako mtiifu,

Luteni Kamanda mstaafu
(Jina na anwani vimehifadhiwa kwa mhariri)